Barua Iliyooshwa kwa Klorini

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za kabati la dawa, nikatia sahihi karatasi ya kuthibitisha kwamba siondoki na kipimajoto cha watu, na hivyo ndivyo miaka yangu ya utabibu Turkana ilivyokwisha. Vijana niliowaacha waliniomba niwaandikie kitu cha kuwasaidia kazini. Nadhani walitaka hekima. Nilichonacho ni kosa moja, ila nililifanya nikiwa na shahada ya chuo kikuu na uzoefu wa miaka mingi, kwa hiyo si kosa la mtu wa kawaida. Vyeo nitaviruka. Havikuwa vingi kiasi cha kumchosha msomaji.

Nilifika Lodwar kutoka Bungoma nikiwa na cheti kipya, koti jeupe lililopigwa pasi, na imani kwamba joto huwasumbua watu wasio na nidhamu. Kufikia saa nne asubuhi koti lilikuwa limenigandama mgongoni kama plasta. Nilipanga chumba mtaa wa Kanamkemer, na kila asubuhi bodaboda aliyenibeba kwenda hospitalini aliniuliza kama bado nipo, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuwabeba wengine waliokuja na makoti kama langu.

Aliyenipokea kazini aliitwa Ekuwam, muuguzi aliyesimamia chumba cha wagonjwa wa nje. Alikuwa Mturkana mrefu, mwenye sauti ya chini, na aliniita "daktari" kama vile watu wanavyomwita mtoto mdogo "mzee". Alikuwa na stethoskopu moja ambayo mpira wake ulikuwa umepasuka na kufungwa kwa utepe wa plasta, na alisikia zaidi kwa hiyo kuliko nilivyosikia kwa yangu mpya.

Wiki yangu ya pili aliletwa mfugaji mwenye jeraha la mguu. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa kutomwamini mgonjwa anayesema ana tatizo moja, nilimuuliza pia kuhusu choo. Kupitia kwa mkalimani akasema ni cheusi. Nikaomba nikione. Kilikuwa cheusi kama lami, na kitabuni choo cha namna hiyo kina maana moja: damu inavuja tumboni. Nilimwekea dripu, nikaandika barua ya rufaa kwa mwandiko mzuri, nikamtuma mtu amtafute dereva wa gari la wagonjwa. Mfugaji alinitazama muda wote kwa upole, kama mtu anayemsubiri mgeni amalize kusali.

Ekuwam akaingia, akamsalimia "Ejok," wakazungumza kidogo Kiturkana, kisha wote wawili wakacheka kwa muda mrefu sana.

"Daktari, uliuliza huyu mtu alikunywa nini?"

Nikamwambia nilimuuliza kuhusu pombe.

"Amekunywa damu. Wiki yote, damu ya ng'ombe na maziwa. Sasa wewe unataka itoke nyeupe?"

Mtoto yeyote wa Lodwar angeniambia hivyo. Mshipa wa shingo ya ng'ombe hutobolewa kwa mshale, damu inakingwa, jeraha linazibwa, na ng'ombe anarudi malishoni. Dripu ikatolewa. Dereva akaambiwa aendelee kulala. Siku hiyo Ekuwam alinipa somo ambalo shule yangu haikunipa, na alilitoa huku akisafisha lile jeraha la mguu, ambalo mimi nilikuwa nimelisahau.

"Usianze na ugonjwa," alisema. "Anza na siku yake ya uzima. Huyu mtu akiwa mzima, iko namna gani? Ukijua hiyo, ugonjwa itajionyesha yenyewe."

Kwa miaka kadhaa nilimuuliza kila mgonjwa swali hilo. Kisha nikaenda chuo kikuu kusomea afya ya jamii, nikarudi na grafu. Chuo kilinifundisha kuwaona watu elfu moja kwa mpigo. Ni ujuzi mzuri, na siudharau. Ila nilipouzoea, yule mmoja aliyeketi mbele yangu alianza kunichosha. Nikapata kazi Kakuma, kambi ya wakimbizi, katika shirika ambalo lilithamini sana grafu.

Mwaka mmoja kipindupindu kikaingia kambini, nami nikawekwa kuongoza hema la kutengea wagonjwa. Ambaye hajafanya kazi humo ajue lilivyo: vitanda vya turubai vyenye tundu katikati, ndoo chini ya kila tundu, maji ya klorini mlangoni ya kukanyaga, na joto ambalo halina pa kutokea. Kanuni ya kumwingiza mtu ilikuwa fupi ili hata mlinzi aweze kuikumbuka: anayeharisha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku, anaingia. Taratibu za hema niliziandika mimi. Nilijivunia hasa ukurasa wa mizigo: chochote kinachokuja na mgonjwa kinapuliziwa klorini au kutumbukizwa ndani yake, bila ubaguzi. Niliuchapisha, nikaupitisha kwenye mashine ya kufunika karatasi kwa plastiki, nikautundika kwenye nguzo.

Hapo ndipo alipoletwa Mwalimu Furaha. Alikuwa Mkongo, mwenye miaka thelathini na kitu, akifundisha watoto wa madarasa ya chini katika shule moja ya kambini. Wenzake walimwona akikimbilia choo mara nyingi mno asubuhi moja, wakafanya tulichowafundisha: wakatuita. Mlangoni akapokonywa mkoba wake mweusi, ukatumbukizwa kwenye pipa. Alijaribu kuushika. Mlinzi akamwonyesha ule ukurasa wangu kwenye nguzo.

Nilipofika kitandani kwake alikuwa amekaa wima, ameshika tumbo.

"Docteur, mimi sina tumbo kubwa tena," aliniambia. "Balikata yote kule Nairobi. Kwenda mara sita, kwangu njo uzima. Sasa ninaenda kumi na tano. Barua iko mu sakoshi."

Nilimsikia. Sitaki kujificha nyuma ya lugha. Kiswahili chake cha Kongo nilikielewa neno kwa neno. Lakini asubuhi hiyo nilikuwa nimeshasikia watu wanne wakieleza kwa nini wao hasa hawapaswi kuwa ndani ya hema, na mmoja alikuwa na ndoto kama ushahidi. Nikaandika rejistani: mara kumi na tano. Nikamwambia atulie, anywe maji ya chumvi na sukari. Mkoba ulipotolewa kwenye pipa, barua iliyokuwa ndani ilikuwa imekuwa karatasi safi, yenye ukingo wa buluu hafifu pale ulipokuwa muhuri.

Nieleze sasa yale niliyokataa kuelezwa wakati ule. Ugonjwa ulikuwa umemtafuna utumbo mpana kwa vidonda kwa miaka, hadi madaktari wakauondoa wote. Kwa miezi kadhaa choo chake kilitokea tumboni, kwenye mfuko wa plastiki uliobandikwa kwenye ngozi. Kisha wakachukua mwisho wa utumbo mwembamba, wakaukunja kama herufi J, wakaushona uwe kifuko cha ndani, wakakiunganisha na njia ya haja. Mtu wa namna hiyo anakwenda chooni kama watu wote, ila mara nyingi zaidi: tano, sita, hata nane kwa siku, na choo chake ni laini daima. Kwa kanuni yangu ya mara tatu, Mwalimu Furaha alikuwa na kipindupindu kila siku ya maisha yake, Krismasi ikiwemo.

Kifuko hicho kinaweza kuvimba kwa ndani. Ndilo lililokuwa likimpata, na ndilo barua ilikuwa ikionya.

Kipimo cha kipindupindu kilikuwa hasi. Nilimtoa baada ya siku mbili akiwa na nguvu kidogo, kwa sababu ya maji, nami nikajihesabia mafanikio. Baada ya siku tisa wenzake wakatuita tena. Safari hiyo nilimhutubia kuhusu kunawa mikono. Nilimhutubia mwanamke ambaye, tangu apasuliwe, alinawa mikono kuliko daktari yeyote wa upasuaji. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama wanafunzi wengine wana maswali. Wagonjwa wawili walicheka. Mimi nilidhani homa inamchanganya.

Alipotoka alianza kujitibu mwenyewe kwa njia pekee aliyokuwa nayo, yaani kutokula. Choo cha shule kilikuwa upande wa pili wa uwanja, na darasa lilikuwa na watoto wengi kiasi kwamba akigeuka tu linakuwa soko. Akawa hali kitu hadi saa tisa mchana. Alikonda. Viungo vikaanza kumuuma. Akaletwa mara ya tatu, na mimi, mtu wa kanuni, nikamwingiza mara ya tatu.

Aliyetuzindua ni Mama Napeyok, mama wa Kiturkana aliyekuwa akimwaga na kusafisha ndoo. Hakuna aliyekuwa akimuuliza kitu, kwa kuwa hakuwa na cheti. Alinifuata nilikokuwa nikijaza takwimu, akasimama hadi nikainua macho.

"Daktari, ndoo ya mwalimu si ya kipindupindu."

Nikamuuliza amejuaje.

"Ya kipindupindu inajaa, kama maji ya mchele. Hii yake inakuja kidogo, kidogo, na damu kama uzi. Hata ile mara ya kwanza ilikuwa hivyo."

"Mbona hukusema mara ya kwanza?"

"Uliniuliza?"

Jioni ile nilimpigia simu Ekuwam, ambaye alikuwa amestaafu na kufuga mbuzi wake nje ya Lodwar. Sikumpigia kutafuta ushauri. Nilitaka kulalamika kuhusu mgonjwa asiyepona na mfagiaji anayejifanya maabara. Nikamweleza: kipimo hasi mara tatu, na bado mgonjwa anakwenda mara kumi na tano.

"Na akiwa mzima anaenda ngapi?" akauliza.

Nyuma yake mbuzi walikuwa wakilia.

"Daktari," akasema. "Wewe bado unatibu damu ya ng'ombe?"

Nikarudi hemani, nikavuta kigoda, nikakaa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa karibu na kitanda chake. Mwalimu Furaha aliichukua ile karatasi nyeupe kutoka kwenye mkoba uliofifia rangi, akainyosha kwenye goti, akanisomea kwa kichwa. Alikuwa ameikariri. Mwalimu huwa na nakala.

Nawaandikia alichonisomea, pamoja na niliyojifunza baadaye kwa simu kutoka kwa daktari aliyempasua. Ukimpata mtu mwenye kifuko cha namna hiyo, uliza kwanza kawaida yake, kisha uliza kilichobadilika. Kama anakwenda mara nyingi kuliko desturi, anabanwa ghafla asiweze kungoja, tumbo linamsokota, anavuja usingizini, anaona damu, ana homa, uchovu au viungo vinauma, fikiria uvimbe wa kifuko. Usiseme una hakika, kwa kuwa mambo mengine hufanana nao: maambukizi ya kawaida, kiungio kilichobana, hata ule ugonjwa wa zamani ukija kwa sura nyingine. Peleka choo maabara. Kinachothibitisha ni kamera inayoingizwa kuangalia ndani na kuchukua kipande kidogo cha kupima, na kamera hiyo haiko Kakuma. Kwa hiyo, kama hali inaruhusu, mrudishie maji na chumvi mwilini, kisha anza antibayotiki: siprofloksasini au metronidazoli, kwa kawaida wiki mbili. Usimpe dawa ya kufunga tumbo kabla hujajua unafunga nini. Mwambie anayetumia metronidazoli aache pombe, na akihisi ganzi miguuni aje. Anayetumia siprofloksasini akiumwa kano nyuma ya kisigino, aache dawa na aje. Akiwa na homa kali, anatapika, tumbo limejaa na halitoi kitu, au damu ni nyingi, hapo usiandike chochote zaidi ya rufaa, na usingoje kesho.

Dawa zote mbili zilikuwa kabatini mwangu. Zilikuwa hatua saba kutoka kitandani kwake, wakati wote. Funguo nilikuwa nazo mimi.

Siku ya tatu ya dawa aliniinulia vidole kutoka mlangoni mwa hema, kwa kuwa nilikuwa nimemkataza asiingie tena: saba. Wiki iliyofuata, sita. Alirudi darasani. Nilijiona nimeokoa mtu, na nadhani nilisimulia kisa hicho kwenye semina, nikiacha nje sehemu ya mkoba.

Lakini uvimbe ukarudi. Tukautibu, ukapoa, ukarudi tena, hadi ikawa dawa inafanya kazi siku zile tu anazoimeza. Mtu akifika hapo anahitaji kamera, na daktari wa kifuko, na dawa ambazo mimi nilizijua kwa majina tu. Nikaandika rufaa ya Nairobi. Rufaa za kambini hupitia kamati, na mkimbizi hawezi kuondoka kambini bila kibali. Kamati ikasoma barua yangu ikakuta mgonjwa anayetembea, anayefundisha na asiye na homa, ikaandika: si dharura. Niliandika ya pili. Niliandika ya tatu. Nilikumbuka mara tatu alizojaribu kunieleza yeye, na kwa kweli hesabu hiyo haikunifurahisha. Ilichukua miezi minane.

Jambo moja aliniomba katika miezi hiyo. Hakuomba kupelekwa Ulaya wala Amerika, kama wengi walivyodhani nilipomtetea. "Docteur, mfuko wa inje sitaki tena," alisema. "Nilishaubeba. Gundi yake huku haishike." Alikuwa sahihi. Ngozi ya Kakuma haikauki jasho kuanzia saa tatu asubuhi, na plasta ya ule mfuko hubanduka kwenye ngozi yenye jasho. Alijua ingekuwaje mbele ya watoto.

Nairobi waliangalia kwa kamera, wakajaribu walichokuwa nacho, kisha wakafunga kifuko na kumrudishia choo tumboni, kwenye mfuko wa nje. Nilimpigia daktari wake nikamuuliza swali nililopaswa kuuliza kabla: kama ningemtibu siku ile ya kwanza, kingepona? Akaniambia hakuna anayeweza kusema. Baadhi ya vifuko huharibika hata vikitibiwa mapema na watu makini. Alisema kwa nia ya kunifariji, na nimeishi na faraja hiyo. Inauma kuliko lawama, kwa kuwa lawama ina mwisho.

Wiki moja kabla ya kustaafu nilikwenda kumwona Kalobeyei, makazi ya jirani alikohamishiwa. Anafundisha akiwa ameketi nyuma ya meza ndefu, kitambaa kikining'inia mbele, na mfuko ukibanduka anawapa watoto hesabu za kuandika na kutoka polepole, kwa heshima zake. Alinipa chai. Kisha akafungua mkoba ule ule, wenye madoa meupe ya klorini, akatoa karatasi ngumu inayong'aa. Ilikuwa barua mpya ya daktari wake, ile aliyotumiwa tulipokuwa tukipigania rufaa, naye akaipeleka dukani ikafunikwa kwa plastiki pande zote.

"Hii hata mukiitupa mu pipa, haikufi," alisema.

Nikaisoma. Ilieleza kifuko, na dalili za kuvimba kwake, na dawa, na wiki mbili. Kila neno lilikuwa sawa, na hakuna hata moja lililomhusu tena.

"Beba," akaniambia. "Miye sina kazi nayo. Wape batoto bako ba kazi."

Nimewaachia, vijana. Iko kwenye nguzo, pale ulipokuwa ukurasa wangu wa mizigo.

Siku ya kuniaga walikodi viti na spika, na mkubwa mmoja akasoma sifa zangu. Alifika kwenye mwaka wa kipindupindu, akataja idadi ya washukiwa waliopita hemani mwangu wakatoka hai, na watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekwenda ofisini asubuhi hiyo kuomba idadi hiyo irekebishwe. Binti wa takwimu aliniambia kwa adabu kwamba ripoti ilishatumwa zamani na haifunguki. Basi niliketi chini ya turubai, soda mkononi, nikiwasikiliza wakiwashangilia watu ambao watatu kati yao ni mtu mmoja, anaitwa Furaha, na hakuwahi kuugua kipindupindu. Mwandiko kwenye rejista ni wangu.